Wimbo Umekamilika, Mfuko Mtupu

SWALI: Shikamoo, mshauri. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nashona zaidi nguo za harusi na sare za kamati, na pia ninaimba. Baada ya kudunduliza kwa miezi mingi nimerekodi wimbo wa kumpongeza bibi harusi, na akiba iliyobaki ni shilingi 40,000. Mtu mmoja anayejiita meneja anataka nimpe 250,000 ili wimbo upigwe redioni, na mwingine ameniahidi watazamaji 10,000 wa YouTube kwa 30,000. Je, nikope? Na nisipokopa, nani atausikia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikope, na hizo 40,000 usimpe yeyote kati ya hao wawili.

Watazamaji wa kununua mara nyingi ni mitambo tu, isiyojua kuimba kiitikio wala kumwambia shoga yake kuhusu wimbo mzuri aliousikia jana. YouTube huwafuta inapowagundua, na Spotify, jukwaa la kusikilizia muziki mtandaoni, tangu mwaka 2024 humtoza fedha msambazaji (kampuni inayowapelekea majukwaa nyimbo za wasanii) ambaye nyimbo zake zimebainika kuwa na usikilizaji bandia mwingi, kwa hiyo msambazaji naye hana sababu ya kuuhurumia wimbo wako. Kuhusu redio, mtangazaji wa kipindi cha wasanii chipukizi hahitaji dalali. Mtumie wimbo wewe mwenyewe pamoja na mistari mitatu ya maelezo, umkumbushe mara moja baada ya wiki, na asipojibu uendelee na wengine.

Kabla hujamtumia mtu yeyote, chukua simu uliangalie faili lenyewe. Ukilituma kwa WhatsApp kama sauti ya kawaida, simu nyingi za wapokeaji zitalihifadhi kwa jina la namna ya AUD-20250314-WA0007, na wimbo uliokugharimu miezi ya kudunduliza utaanza kuzunguka mjini kama mtoto aliyepotea sokoni bila kujua jina la mama yake. Mimi mwenyewe ninazo simuni nyimbo tatu nzuri ambazo hadi leo sijui wenyewe ni nani. Ziko programu za bure za kuandika taarifa ndani ya faili: weka jina lako la usanii, jina la wimbo, picha ya jalada na namba ya simu ya kazi, kisha ulitume kama hati ili jina lisibadilike. Ukiweza, mwombe prodyuza akuruhusu utaje jina lako katika sekunde za mwanzo, kwa sababu sauti haifutiki kirahisi kama maandishi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wimbo usio na fedha hubebwa na watu, na mtu hubeba kile kilichofungwa vizuri. Singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini, ilikua hivyo. Ilitoka katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, ikapigwa kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku za mitaani, mpaka alfajiri, ikahama kutoka simu hadi simu kwa memori kadi, na ilikuwa tayari na wenyewe mitaani kabla redio nyingi hazijaipa nafasi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa nyimbo za singeli za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, kazi ya kuwapata wapenzi wa kwanza ilikuwa imekwisha kufanywa na mtaa.

Sasa tazama ulipoketi. Wimbo wako ni wa bibi harusi, na mabibi harusi wanakuja wenyewe kupimwa nguo kwako! Wasanii wengi wangelipa ili wapate mlango huo. Anayekuja kuchukua gauni apewe na wimbo, na umwombe akuunganishe na DJ na mshereheshaji wa shughuli yake. DJ akiupiga wakati bibi harusi anaingia ukumbini, nusu ya wageni watakuwa wameinua simu wanarekodi. Nawe jirekodi klipu ya sekunde 20, gauni likitoka chini ya sindano huku kiitikio kikisikika, na siku nyingine urekodi nyingine yenye gauni jingine. Usitafute kiki za ugomvi. Hazikai na wimbo wa namna hii.

Majukwaa ya mtandaoni yaende sambamba. Audiomack inakuruhusu kupakia wimbo mwenyewe bila malipo. Kwa Spotify na mengine utahitaji msambazaji, na wapo wasiodai malipo ya awali, kama RouteNote, ambayo huchukua asilimia 15 ya mapato. Mpelekee wimbo wiki nne kabla ya tarehe ya kuuachia, kwa kuwa maombi ya kuingizwa kwenye orodha za nyimbo (playlist) za Spotify hupokelewa angalau siku saba kabla. Fedha usizitarajie mapema: wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 haulipwi kitu huko. Kajisajili pia BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kazi yako uisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Zile 40,000 zigawe kwenye bando, jalada na flashi mbili za kuwapelekea vijana wanaoingiza nyimbo kwenye simu pale karibu na stendi ya Msamvu.

SWALI: Nimeimba juu ya biti niliyoipata YouTube ikiwa imeandikwa ni ya bure. Naweza kuuachia wimbo? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Soma maelezo yaliyo chini ya video ile. Mara nyingi “bure” huwa na maana ya kujaribia au kutumia bila kuingiza fedha, na biti hiyohiyo huenda imeimbiwa na mamia ya watu kabla yako. Mwenye biti akiwa ameisajili katika mfumo wa YouTube wa kutambua sauti, mapato ya matangazo ya video yako yanaweza kwenda kwake. Mwandikie sasa, wakati wimbo wako haujulikani na bei yake bado inazungumzika, umwombe ruhusa ya maandishi inayotaja jina la wimbo na majukwaa utakakouweka. Asipojibu, tafuta prodyuza hapo Mombasa akutengenezee biti nyingine, mkubaliane kugawana mapato.