Kuzimu kwa Wagiriki: nauli, mbwa wa vichwa vitatu na maswali yenu mengine

Meseji za mwezi huu karibu zote zinauliza mambo ya kuzimu, sijui mmekubaliana mkiwa mnasubiri dagaa pale Kibirizi au vipi. Haya, twende nayo.

Shikamoo. Mwanangu yuko form two, anacheza gemu kwenye simu, humo ndani kuna mungu anaitwa Hades na mbwa mwenye vichwa vitatu. Mimi nimeifuta, nikamwambia huyo ni shetani. Amenuna siku mbili, ananiambia sijui ninachokisema. Nani yuko sahihi? – Mama Wawili, Mwandiga

Marahaba mama. Kuhusu kufuta gemu, simu uliinunua wewe, sina la kusema. Ila kuhusu Hades mtoto kakushinda.

Hades sio shetani. Hakuasi, hakufukuzwa mbinguni, wala hazunguki kushawishi watu watende dhambi. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba ndugu watatu walipiga kura wagawane dunia, Zeus akapata mbingu, Poseidon akapata bahari, Hades akaangukiwa na huko chini, basi. Ni kama yule kaka aliyepewa shamba la bondeni ambalo hakuna aliyelitaka, anakaa nalo kimya na anahakikisha tu aliyeingia hatoki. Kazi ya kuzuia watu mlangoni ndo ya huyo mbwa, Cerberus, na hivyo vichwa vitatu mwanao ashukuru, maana mshairi Hesiod alimpa 50.

Tena walikuwa wanaogopa hata kulitaja jina lake, kama bibi zetu wanavyokataa nyoka asitajwe usiku, wanasema kamba. Wakamwita Plouton, yani tajiri, kwa sababu mazao na madini yote yanatoka ardhini. Warumi wakalichukua, ndo Pluto huyo.

Na kuzimu kwao walikuwa wanaenda wote, wema kwa wabaya. Hapo ndo wengi tunapochanganya, tunasikia kuzimu tunawaza moto. Kama una Biblia ya Kiswahili fungua Mathayo 16:18, "milango ya kuzimu haitalishinda", kwenye Kigiriki hapo limeandikwa neno hilohilo Hades. Jehanamu ni neno lingine kabisa, linatokana na Gehena, bonde lililoko Yerusalemu. Kwa Wagiriki wa zamani wafu wengi walikuwa ni vivuli tu, hawachomwi wala hawafurahi. Mateso yapo, lakini kwa wachache waliowaudhi miungu, kama Tantalus anayesimama kwenye maji hadi kidevuni na kila akiinama anywe maji yanakauka. Shimo lenyewe la adhabu ni Tartarus, na Hesiod anasema fuawe la shaba ukiliachia kutoka duniani litaanguka siku tisa mchana na usiku ndo lifike ya kumi.

Kaka, nimesikia marehemu wa Ugiriki alikuwa analipa nauli ya mtumbwi. Bei gani? Na asiye na hela je? – Mvuvi, Katonga

Swali zuri bana, nilijua litatoka Katonga. Nauli ni oboli moja, sarafu ndogo ya fedha, sita zinafanya drakma moja. Ndugu walikuwa wanamwekea marehemu mdomoni, na kweli makaburi mengine ya Wagiriki na Warumi yamefukuliwa sarafu ikakutwa palepale kwenye taya. Sio yote lakini. Na bei ilikuwa inabadilika kumbe, maana kwenye vichekesho vilivyochezwa Athens mwaka 405 KK abiria anaambiwa atoe oboli mbili.

Mvushaji anaitwa Charon. Mshairi wa Kirumi Virgil anamchora mzee mwenye ndevu nyeupe zisizochanwa, macho kama moto, kashuka lake chafu limefungwa fundo begani, anasukuma kwa upondo mwenyewe na tanga anashika mwenyewe. Mimi kila nikitoka Kibirizi kwenda Mwamgongo namkumbuka, yule kijana anapita juu ya magunia anakusanya nauli, ukimpa noti ya elfu kumi anakwambia chenji tukifika, na tukifika haonekani. Charon angalau hana habari za chenji.

Kuna sehemu we mvuvi utaipenda. Aeneas, shujaa wa shairi la Virgil, mtu aliye hai na pumzi zake, anaruhusiwa kupanda ule mtumbwi. Mtumbwi umezoea vivuli visivyo na uzito, ukalia, maji yakaanza kuingia kwenye mishono. Overlodi ya mtu mmoja!

Sasa asiye na hela. Hapa watu wanasimulia vibaya, kwa Virgil anayekwama ukingoni sio aliyekosa nauli, ni ambaye hakuzikwa. Anatangatanga pale miaka 100 ndo avushwe. Na Aeneas anamkuta pale nani, nahodha wake mwenyewe, Palinurus, aliyeanguka baharini usiku akiwa kwenye usukani na mwili ukabaki majini. Jamaa anaomba, nishike mkono univushe, au rudi ukanifukie mchanga kidogo. Anakataliwa kuvuka. Anachoambiwa ni kwamba watu wa ile pwani watamjengea kaburi na mahali patabeba jina lake, na hadi leo kule kusini mwa Italia kuna rasi inaitwa Capo Palinuro.

Nyie wa ziwani mnaijua hiyo. Dhoruba ikishapita watu wanavyotembea ukingoni siku ya kwanza, ya pili, ya nne, wala hawatafuti tena mtu mzima, wanatafuta cha kuzika.

Hizo sehemu zipo kweli au hadithi tu? – Msomaji, Ujiji

Mito ya kuzimu inayotajwa kwenye hizo hadithi ipo. Acheron unatiririka kaskazini magharibi mwa Ugiriki, na Styx watu wanauonyesha kwenye maporomoko ya milima ya Peloponnese, kusini mwa Ugiriki. Kwa Warumi mlango ulikuwa ziwa Avernus, karibu na Naples, limekaa kwenye kreta ya volkano na walisema ndege hawapiti juu yake. Mwaka 37 KK jenerali Agrippa akachimba mfereji hadi humo akaligeuza bandari ya meli za vita. Yani mlango wa kuzimu ukawa na mafundi na kamba za meli, na vita ikaendelea.

Na ile sayari ya Pluto imeitwa hivyo kwa sababu gani? – Mwanafunzi, Mwanga

Iligunduliwa 1930, jina likapendekezwa na binti wa miaka 11 wa Uingereza, labda kwa vile iko mbali gizani, mi ningeipa hilohilo. 2006 wakaishusha cheo ikawa sayari kibete. Miezi yake ni mitano: Charon, ulioonekana 1978, halafu Nix, Hydra, Kerberos na Styx. Mbwa na mvushaji bado wanamzunguka bosi wao. Mwambie na yule wa form two wa Mwandiga, akishamaliza kununa.