Gari la Igogo: angalia nati za magurudumu kwanza

Mkuu, umeuliza ni gari gani hilo la marehemu babu yako lililoegeshwa Igogo, Mwanza; lisilo na nembo, lenye gea ya usukani na mapezi madogo nyuma, linanipeleka kwenye magari mawili: Peugeot 404 ya Ufaransa au Morris Oxford ya Uingereza. Yanafanana kwa sababu yote yalichorwa na Pininfarina, kampuni ya Italia ya kubuni maumbo ya magari.

Usihangaike na bodi. Chuchumaa kwenye gurudumu, futa vumbi, hesabu nati. Zikiwa tatu, ni Peugeot. Morris ina nne. Kisha fungua boneti: injini ya 404 imelala upande kwa nyuzi 45, kama mtu aliyeegemea ukuta, wakati ya Morris imesimama wima. Hiyo haidanganyi hata kama limepigwa rangi mara kumi. Ukiona kibati cha namba, kisugue taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Msasa utakula herufi.

Mimi naamini ni 404. Zilitengenezwa Ufaransa kuanzia 1960 hadi 1975, na huku kwetu zilipendwa kwa kuhimili barabara mbovu. Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, alishinda nayo mbio za magari za East African Safari mwaka 1966 na 1967.

Nakuomba sana, usiwauzie wa vyuma chakavu kabla hujahesabu hizo nati. Kagua na sakafu chini ya mazulia, maana unyevu wa ziwa huanzia kula huko. Tupia picha ya gurudumu na injini hapa.