Usitie saini tangi ambalo hujaliingia

Maofisa vijana wa uhandisi wanaohamishiwa kiwandani kusimamia ujenzi wa manowari hupenda kuniuliza wasome nini kabla hawajaripoti. Huwaambia wanunue tochi nzuri na kioo kidogo chenye mpini, kama kile cha daktari wa meno. Hudhani natania.

Mara ya kwanza nilipopelekwa huko nilikuwa luteni mwenye miaka 4 ya chumba cha injini na kichwa kilichovimba kidogo. Ijumaa moja jioni mkaguzi wa kiwanda akaniletea fomu ya tangi la chini. Wapaka rangi walikuwa wameshatandaza mipira yao ya kupulizia rangi mlangoni wanasubiri. Nilichungulia kwenye tundu la kuingilia, nikamulika huku na huku, mishono niliyoiona ilikuwa safi. Nikatia saini.

Wiki kadhaa baadaye fundi bomba aliyejipenyeza hadi kwenye pembe ya ndani akatoka akiuliza mbona mataruma mawili, zile mbavu za chuma za meli, yameshikizwa tu, upande wa nyuma hayajachomelewa. Rangi ilikuwa imeshakauka, mabomba yamefungwa. Yakafunguliwa, rangi ikakwanguliwa, hewa ikapimwa, kibali cha kazi za moto kikaombwa, mlinzi wa moto akasimama na mtungi wake, ndipo mshono ukachomelewa na rangi ikaanza upya. Siku 11 kwa kazi ya saa 2. Mkuu wangu hakufoka. Alinisogezea ile fomu akauliza, "Hii saini ni ya nani?"

Kazi ya msimamizi ndiyo hiyo. Hujengi meli, hushiki mashine ya kuchomelea, na wale mafundi si askari wako. Wewe ni jicho la jeshi ndani ya karakana ya mtu mwingine, na saini yako inasema jambo moja tu: nimeona. Nyambizi ya Marekani USS Thresher ilipozama Aprili 1963 na watu wote 129, uchunguzi ulielekeza kidole kwenye kiungo cha bomba la maji ya bahari. Baadhi ya viungo vya aina hiyo vilikuwa vimepimwa kabla na kukutwa chini ya kiwango, lakini si vyote vilivyopimwa. Mwaka huohuo wakaanzisha mpango wao wa usalama wa nyambizi, unaodai kila kiungo muhimu kiwe na ushahidi wa maandishi wa nani alikichomelea, kwa chuma gani, na nani alikikagua. Ukichoka kujaza makaratasi, makaratasi hayo yalitokana na watu hao.

Kwa hiyo pambana mapema, kabla bamba la kwanza halijakatwa, kuhusu vituo vya kusimama: mahali ambapo kazi haiendelei mpaka uje uone. Viweke kabla ya kila kitu kinachofunika. Rangi hufunika mshono, sufi ya kuzuia joto hufunika bomba, na dari hufunika nyaya. Hata rangi yenyewe ina hila zake. Chuma kisipokuwa na joto linalozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewani hugeuka matone, kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi, rangi itang'aa leo na kubanduka baadaye, wakati dhamana imeshakwisha.

Kuhusu mdomo wako: ukiona kosa, usimwambie mchomeleaji "fanya hivi". Niliwahi kumwambia msimamizi wa mabomba kwamba vali fulani ingekaa vizuri zaidi upande wa kushoto. Nilikuwa napiga soga tu. Ilihamishwa, na mwezi uliofuata ikaja ankara ya "mabadiliko yaliyoagizwa na mteja". Andika, taja kifungu cha mkataba, mpe mtu mwenye mamlaka ya kuagiza. Zawadi usipokee, hata kalamu.

Uzito nao unahitaji mtu mbishi. Mwaka 1870 manowari ya Uingereza HMS Captain ilitoka kiwandani ikiwa nzito kuliko hesabu, na sitaha iliyotakiwa kuwa futi 8 juu ya maji ikabaki na futi 6 na nusu hivi. Septemba ya mwaka huo ilipinduka katika dhoruba, ikaua karibu watu 500, akiwemo Cowper Coles aliyeibuni. Uzito huingia kidogokidogo: kishikizo kinene kuliko mchoro, rangi ya mara ya 5 mtu asiyoiandika. Kuwa na daftari lako mwenyewe. Na siku ya jaribio la kuinamisha meli, pale mizigo inaposogezwa upande hadi upande na timazi kupima mwinamo ili kujua meli imetulia kiasi gani majini, zunguka kabla halijaanza. Mimi nilikuta masanduku ya vifaa yasiyo kwenye orodha, tangi lililojaa nusu ambalo fomu ilisema ni tupu, na mafundi 2 wamelala stoo.

Usiombe kazi hii kabla hujakaa baharini vya kutosha. Michoro haikuambii kwamba chujio lile halitoki bila kukata bomba lililo mbele yake. Hilo analijua mtu aliyewahi kulibadilisha usiku, meli ikiyumba, mafuta yakimchirizika hadi kwenye kiwiko. Ni kweli wenzako watakuwa wanakusanya miaka ya bahari huku wewe ukihesabu mishono, na wengine watapanda cheo kabla yako. Iliniuma, sitakudanganya.

Lakini jambo ambalo ningelifanya mapema zaidi ni kumwomba fundi mkuu wa chumba cha injini aletwe kiwandani kabla meli haijashushwa majini, badala ya wiki za mwisho kama ilivyozoeleka. Katika meli yangu ya pili nilimpata miezi 8 kabla. Wiki ya kwanza alinijazia kurasa 3 za kasoro kwa mwandiko mbaya ajabu, na nyingi kati ya hizo kiwanda kilizirekebisha bila kudai chochote, kwa sababu mabomba yalikuwa bado yamelala sakafuni.