Jibu: Kwa nini kiini kizito hakitulii baada ya mgongano?

Umeuliza kwa nini kiini (sehemu ya katikati ya atomu) kinachozaliwa ayoni nzito, yaani atomu nzito zenye chaji ya umeme, zikigongana hakidumu. Ni joto, ndugu yangu. Viini viwili vikishaungana, kinachopatikana kimebeba nishati ya ziada, nacho huipunguza kwa kutema nyutroni (chembe za kiini zisizo na chaji) mojamoja, kisha mionzi ya gama, yaani miale yenye nishati kubwa. Ila katika kila hatua kinaweza pia kupasuka vipande viwili, na vile vizito kupindukia karibu vyote huishia hapo. Ndiyo maana kupata hata kimoja kilichosalimika ni kazi kubwa mno.

Tazama maabara ya nyuklia ya Dubna, Urusi: kalsiamu-48 (namba ni jumla ya protoni na nyutroni za kiini) ilirushwa kwenye plutoniamu-244, ikatokea fleroviamu-292, kiini cha elementi nzito kupindukia, yenye joto la ziada. Ikitema nyutroni 4 inabaki fleroviamu-288, ambayo kwa kawaida kabla sekunde haijaisha hutoa chembe ya alfa (protoni 2 na nyutroni 2) na kuwa elementi nyingine, kopernisiamu-284, nayo hupasuka yenyewe.