Ramani ya Karatasi Pamoja na Simu: Kununua na Kutumia Laha za Nakuru, Kisumu na Magharibi

Anayetaka ramani ya karatasi ya Nakuru na viunga vyake asinunue laha (karatasi ya ramani) moja tu. Katikati ya mji na ziwa viko kwenye laha 119/3, lakini ukingo wake wa juu unapita kilomita chache tu kaskazini ya mji, kwa hiyo sehemu kubwa ya kreta ya Menengai imeingia 119/1. Njoro, kwa kuwa iko magharibi ya longitudo ya digrii 36, imeangukia 118/4. Kisumu ni vivyo hivyo. Mji uko pembeni kabisa mwa 116/2, ilhali uwanja wa ndege na Kisian viko 116/1. Wengi hununua laha yenye jina la mji, kisha wakifika nyumbani wanakuta mahali wanakokwenda pamekatwa na ukingo wa karatasi.

Nambari hizo zina mpangilio wake. Nchi imegawanywa katika miraba ya nusu digrii kwa nusu digrii, na kila mraba umekatwa vipande vinne: 1 ni kaskazini-magharibi, 2 kaskazini-mashariki, 3 kusini-magharibi, 4 kusini-mashariki. Kipande kimoja ni takriban kilomita 28 kila upande. Bonyeza mahali unapokwenda kwenye simu, usome latitudo na longitudo kwa desimali. Kisumu mjini ni kama 0.10 kusini na 34.76 mashariki. Mraba wa 116 unaanza 34.5 hadi 35, na kutoka ikweta hadi 0.5 kusini. Kwa kuwa 34.76 imevuka 34.75, na 0.10 haijafika 0.25, tuko kipande cha pili. Ikweta yenyewe ni mpaka wa laha, kwa hiyo mtu wa Maseno anahitaji ya kaskazini na ya kusini.

Laha hizi hutolewa na Survey of Kenya, idara ya serikali ya upimaji na ramani, iliyoko Ruaraka, Nairobi. Omba mfululizo wa Y731, ambao ni wa kipimo cha 1:50,000, na uombe kuonyeshwa ramani ya faharasa (inayoonyesha kila laha inafunika eneo gani) kabla ya kulipa. Ile ya 1:250,000 inafaa kupanga safari ndefu ya gari, tuseme Nakuru hadi Busia, lakini kwa mtu anayetembea au anayepanda pikipiki kuingia vijijini haina msaada. Ramani za watalii zina picha nzuri na malango ya mbuga, ila nyingi hazina kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa, na kwangu ramani isiyo na kontua ni nusu ya ramani.

Kwenye 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1, na kila mraba wa gridi (mistari iliyopishana juu ya ramani) ni kilomita moja kwa moja. Kupima barabara yenye kona, laza uzi wa kushonea juu yake, uunyooshe kwenye rula, kisha ugawe sentimita kwa mbili. Kontua nyingi zimeachana kwa mita 20 za mwinuko, lakini matoleo ya zamani huweza kuwa ya futi, kwa hiyo soma pambizoni kwanza. Zikiachana milimita 4, unapanda mita 20 kwa kila mita 200, mlima ambao bodaboda yenye mzigo huuhisi. Zikiachana milimita 1, ni mita 20 kwa kila mita 50. Hapo gari halipandi moja kwa moja, na hata mguu unaomba kupumzika. Angalia ukingo wa Nandi juu ya tambarare ya Kano uone kontua zilivyobanana. Kwa muda wa kutembea, hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, halafu uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Safari ya kilomita 8 yenye mwinuko wa mita 300 ni kama saa mbili na dakika sita, bila mapumziko.

Jambo linalowapoteza hata wanaojua ramani vizuri ni msingi wa vipimo, yaani umbo la dunia na mahali pa kuanzia ambapo namba za mahali huhesabiwa. Laha zetu zimechorwa kwa msingi uitwao Arc 1960, simu inatumia WGS84. Tofauti ni kama mita 300, karibu zote za kaskazini-kusini. Ukichukua namba za mahali zinazoonyeshwa na simu ukaziweka kwenye laha moja kwa moja, nukta itaanguka kusini ya mahali ulipo kwa takriban milimita 6, na kidogo mashariki. Milimita 6 zinatosha kukuweka ng'ambo ya mto usiokuwa na daraja. Baadhi ya programu za ramani hukuruhusu kuchagua Arc 1960 kwenye mipangilio. Yako ikikosa, ongeza mita 300 kwenye namba ya kaskazini ya gridi, ile inayohesabiwa kwa mita, kabla ya kuweka alama.

Nakuru ina mtego wa ziada. Digrii 36 ni mpaka wa kanda za UTM, mfumo wa gridi hiyo ya mita: Njoro iko kanda ya 36, Nakuru mjini kanda ya 37. Ukiunganisha 118/4 na 119/3, mito na barabara zitakutana lakini mistari ya gridi haitakutana. Usidhani karatasi imechapwa vibaya. Andika kanda kila unapomtumia mwenzako namba za mahali, na uanze na namba ya mashariki kabla ya ya kaskazini, kama tulivyofundishwa kwenye Jiografia ya sekondari.

Tazama pia mwaka wa toleo. Laha ya zamani itakuonyesha wilaya badala ya kaunti, na barabara ya Nakuru–Eldoret itaitwa A104, siku hizi A8. Ziwa Nakuru limepanuka mno tangu miaka ya 2010, hata lango kuu la zamani la mbuga likafunikwa na maji, kwa hiyo usiamini ufuo uliochorwa. Vilima, mabonde na mito mikubwa havijahama, na hivyo ndivyo unavyovitafuta kwenye karatasi. Barabara mpya zichukue kwenye simu, uziongeze kwa penseli ya 2B pamoja na tarehe.

Simu huona njia fupi, karatasi hukuambia ni njia ya namna gani. Ufunguo wa laha hutenganisha lami, murram na barabara ya kiangazi. Tambarare ya Kano, kuzunguka Ahero, ina udongo mweusi unaonata. Barabara ya kiangazi huko wakati wa mvua za Aprili si njia, hata simu ikisema ni dakika ishirini.

Ukipata ramani kwa faili, ichapishe kwenye duka lenye mashine ya michoro ya majengo, kwa rangi. Mchoro wenyewe una takriban sentimita 55 kila upande, A3 haiutoshi. Mwambie achape kwa asilimia 100, asiruhusu mashine ipunguze ili itoshee karatasi, kisha upime mraba mmoja wa gridi kwa rula. Usipofika sentimita 2 kamili, irudishe. Nakala nyeusi-nyeupe huchanganya kontua na njia za miguu, sishauri kabisa.

Usiibandike plastiki ya moto, kwani haitakunjika na penseli haitaandika. Ikunje uso ukiwa nje, uitie kwenye mfuko wa nailoni unaoonekana. Dira ya bei ya kawaida inatosha. Tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi huku kwetu ni chini ya digrii 2, ila jiepushe na injini na simu unaposoma.

Na kwa mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba: laha ya 1:50,000 haitakusaidia, kwa sababu mstari wa nusu milimita hapo ni mita 25. Nenda ofisi ya ardhi ya kaunti na nambari ya kipande chako, uombe ramani ya usajili ya eneo hilo.