Maswali ya wafugaji: Nataka kupeleka kuku wangu kwenye maonyesho, naanzia wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimefuga kuku wa mayai muda mrefu lakini siku hizi roho imehamia kwa kuku wa mbegu safi, wale wanaopelekwa maonyesho wanarudi na riboni na vikombe. Nina matetea kadhaa wa Rhode Island Red niliwanunua vifaranga kwenye kampuni ya kuangua, machoni pangu wanapendeza sana. Naomba unieleze nawaandaaje na shampuu gani nzuri, manake nimeona watu wanawaogesha. Jirani yangu ananicheka eti nampeleka kuku kwenye mashindano ya urembo. – Mama Vifaranga

JIBU: Marahaba Mama Vifaranga. Huyo jirani mwambie Boston, kule Marekani, walifanya maonyesho ya kuku mwaka 1849, na kitabu cha viwango cha Marekani, kile kinachoeleza kila aina ya kuku anatakiwa aweje, kikatoka mara ya kwanza 1874, kwa hiyo hujaanzisha wewe.

Sasa hiyo shampuu tuiweke pembeni kwanza. Karibu kila anayeniandikia anaanza na shampuu, na ndiyo kitu cha mwisho kabisa. Jaji anashika kuku mkononi kichwani ana picha ya kitabu, anaangalia umbo, uzito, rangi, upanga (ile nyama nyekundu juu ya kichwa), macho, miguu, hali ya manyoya, na kuku ambaye umbo lake limekataa hata umuogeshe mara kumi atabaki hivyo hivyo. Na hapo ndipo shida ya matetea wako ilipo, usinichukie. Kampuni za kuangua zinachagua kuku kwa mayai, hilo ndilo linalowalipa, kwa hiyo unakuta Rhode Island Red wao ni wadogo, wekundu wa kupauka, mkia umesimama juu. Yule wa kitabuni ana mwili mrefu wa mstatili, mgongo umelala bapa, wekundu wake umeiva mpaka unakaribia weusi, kwenye mkia ndiyo mweusi kabisa wenye kung'aa kijani. Kwa viwango vya Marekani jogoo anatakiwa afike kama kilo 3.9 na kuku jike kilo 2.9. Wapandishe wako kwenye mzani uone. Wakipungukiwa sana usiwachinje basi, waendelee kukutagia, ila wa maonyesho tafuta wengine.

Tafuta kwa nani? Kwa mfugaji ambaye mwenyewe anashindana. Nenda kwenye maonyesho mikono mitupu kwanza, zunguka kwenye vizimba, soma kadi za majaji, ukiona banda la mtu limekuvutia subiri majaji wamalize umuulize kama anauza. Wengi wanauza jogoo mmoja na majike wawili pamoja, na hiyo inatosha sana kuanzia. Chukua aina moja, rangi moja. Najua utatamani tano lakini banda litakushinda na hutaijua hata moja vizuri. Nafasi ikiwa ndogo angalia bantamu, wale kuku wadogo, wanakula kidogo na ushindani wao ni mkali vilevile.

Na kuhusu rangi nikutahadharishe, Plymouth Rock wa mistari ni mzuri mno lakini kwa mgeni ni mtego. Jogoo anabeba nakala mbili za jeni, yaani chembe ya urithi, ya ile mistari, jike anabeba moja tu, kwa hiyo kwa kawaida jogoo anatoka mweupe zaidi kuliko jike, wakati kitabu kinataka wafanane, ndiyo maana wazoefu wanafuga familia mbili tofauti za kuku, moja ya kuzalisha majogoo na nyingine ya majike. Anza na rangi moja tupu. Nyeupe ni rahisi kuzalisha lakini uwe na kivuli, jua linaifanya iwe ya njano njano na ile haitoki kwa sabuni.

Kabla hujatoa hela mshike kuku. Mgeuze, tanua vidole vya miguu uangalie katikati na pembeni ya mguu, kwa aina zenye miguu mitupu ukikuta kijinyoya hata cha kama sindano huyo anatolewa mashindanoni. Hesabu vidole, kuku wengi wana vinne ila Silkie, Dorking na Faverolles wana vitano. Upanga wa Rhode Island Red ukiwa wa kusimama uwe na meno matano, na kusiwe na jino lililochomoza ubavuni. Tazama mkia kwa nyuma, ukiwa umepinda upande mmoja muache hata kama bei ni ya kutupa.

Ukishampata mzoeze kizimba. Hapa ndipo wageni wengi wanapoteza, kuku mzuri lakini jaji akinyoosha mkono anaruka ruka anavunja mkia, jaji hawezi kupima umbo la kuku aliyejikunja kwenye kona. Muweke kizimbani muda muda wiki kadhaa kabla, mpe kitu kitamu kwa mkono, mguse na kijiti taratibu ajifunze kusimama. Kumtoa na kumrudisha siku zote kichwa kitangulie, mabawa umeyabana, ukimvuta kinyumenyume manyoya yanakatika.

Haya, kuogesha. Siku mbili tatu kabla, apate muda wa kujipaka upya mafuta yake kwenye manyoya. Mabeseni matatu ya maji vuguvugu: la kwanza sabuni laini, la pili maji yenye siki kidogo kutoa sabuni, la tatu maji matupu. Sugua kufuata unyoya unavyolala usirudi nyuma. Miguu tumia mswaki, na uchafu chini ya magamba utoe kwa kijiti cha meno polepole. Mkaushe vizuri asipigwe na baridi. Asubuhi ya maonyesho paka mafuta ya mgando kidogo sana kwenye upanga na ndevu (zile nyama nyekundu zinazoning'inia chini ya mdomo), yakizidi vumbi lote la ukumbini linaganda hapo.

Jambo jingine la matetea wako wenye miguu ya njano, wakianza kutaga ule unjano unafifia, kwa hiyo kuku mchanga anang'aa zaidi pale anapokaribia kutaga. Na kwenye fomu usichanganye umri, chini ya mwaka mmoja ni darasa lake na zaidi ya mwaka darasa jingine.

SWALI: Mzee, jogoo wangu amevunjika unyoya mrefu wa mkia na maonyesho ni wiki mbili zijazo. Naweza kuugundisha? – Mwenye haraka

JIBU: Hapana bwana, kugundisha au kupaka rangi ni udanganyifu, ukikamatwa unatolewa. Uliovunjika hauoti mpaka anyonyoke, ukiung'oa mwingine unachukua kama wiki sita hadi nane. Mpeleke hivyo hivyo akatwe alama au peleka mwingine.

SWALI: Tukirudi kutoka maonyesho naweza kumuachia kuku wangu moja kwa moja na wenzake? – Mfugaji mpya

JIBU: Usithubutu. Huko amekaa karibu na kuku wa watu mia. Mtenge wiki mbili mpaka nne, mlishe wa mwisho baada ya wale wa nyumbani, na usiku inua manyoya chini ya mkia na kwapani kwa tochi utafute utitiri na chawa. Viatu ulivyovaa ukumbini visiingie bandani kabla hujaviosha kwa dawa, na hata kizimba ulichombebea kiogeshwe pia.