Kabla hamjaitafutia asali yenu soko la Ulaya

Msimu wa kurina ukikaribia, simu yangu haitulii. Anayepiga huwa mwenyekiti wa kikundi, afisa nyuki wa wilaya, au kijana aliyemaliza chuo na kurudi kwao Sikonge au Mlele akiwa na ari ya biashara. Ombi ni lilelile: tuna asali nyingi, tena safi, tuunganishe na mnunuzi wa nje. Kabla ya yote huuliza ina unyevu wa asilimia ngapi. Wengi hawana jibu, na mazungumzo yetu ya maana huanzia hapo.

Nimefanya kazi miaka mingi ya kupokea asali kutoka kwa warina asali wa miombo ya Tabora na Katavi, na baadaye ya kuvisaidia vikundi kupanga usimamizi wa ubora. Kazi hiyo imenipa imani moja ambayo haijatetereka. Viwango vya soko la nje vinatimizwa na mtu aliyeko juu ya mti usiku, bomba la moshi mkononi, na mtu huyo atavitimiza akiviona kwenye bei anayolipwa. Miradi mingi ya kusaidia vikundi huanzia upande wa pili: jengo zuri, mashine ya kuchuja inayong'aa, lebo za rangi, semina hotelini. Mrina asali hukumbukwa mwishoni, wakati asali imeshaharibika.

Watu wengi hudhani kikwazo cha Ulaya ni ushuru. Tanzania, kwa kuwa imo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, inaingiza asali Umoja wa Ulaya bila ushuru wowote, ilhali kiwango cha kawaida kwa nchi zisizo na nafuu ni asilimia 17.3. Mlango huo uko wazi siku zote. Kinachotuzuia ni vipimo.

Vipimo vyenyewe si siri. Tume ya Codex, chombo cha viwango vya chakula duniani kilichoundwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, ilitoa kiwango cha asali mwaka 1981 na kukipitia upya mwaka 2001. Kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 36, kinahusu asali hiyohiyo, na sheria ya Ulaya haiko mbali na Codex. Unyevu usizidi asilimia 20. Sukari ya aina ya sukrosi, kwa asali nyingi, isizidi gramu 5 katika gramu 100. Kuna pia kemikali inayoitwa kwa kifupi HMF, ambayo huongezeka kadiri asali inavyopata joto na kukaa muda mrefu; kikomo chake ni miligramu 40 kwa kilo, ila asali inayotoka nchi za joto inaruhusiwa kufika 80. Nafuu hiyo ya nchi za joto ijueni na muitaje kwenye mazungumzo. Nimeona vikundi vikikubali punguzo la bei kwa kipimo ambacho kiko ndani ya sheria.

Nianze na unyevu, maana ndio unaoangusha mizigo mingi. Nyuki hukusanya mbochi, yaani utamu wa maua, yenye maji mengi, huipepea kwa mabawa mpaka maji yapungue, na asali ikishaiva huifunika kwa nta. Sega ambalo halijafunikwa ni asali mbichi, na asali mbichi huchacha. Kanuni ya kazi ni rahisi: usikate sega mpaka angalau robo tatu yake iwe imefunikwa, na usichanganye na masega yenye majana, yaani watoto wa nyuki, au chavua nyingi. Kila mrina asali anaijua, na wazee wanaijua kuliko mimi.

Kwa nini basi asali mbichi inaendelea kuletwa kituoni? Kaeni na warina asali muwaulize kwa heshima, na majibu yatatoka. Wezi wa mizinga wanawahi. Nyegere anawahi. Ada ya mtoto inadaiwa mwezi huu, na mlanguzi amesimama njiani na fedha taslimu bila kujali sega limefunikwa au la. Semina ya usafi wa mikono haijibu hata moja kati ya hayo. Vijiji vilivyofanikiwa, kwa nilivyoona, ni vile vilivyokubaliana tarehe ya kufungua msimu, vikaiandika kwenye sheria ndogo za kijiji, vikapanga zamu za doria msituni, na kikundi kikawa na mfuko mdogo wa kukopesha ada ili mtu asilazimike kukata sega kabla ya wakati. Huo mfuko wa mkopo ni uwekezaji wa ubora kuliko mashine nyingi ninazozifahamu.

Halafu kiko kipima unyevu, kile kifaa cha mkononi ambacho wengi wanakiita rifraktomita. Unaweka tone la asali kwenye kioo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga, unasoma. Kila kituo cha kununulia kijijini kiwe nacho, si makao makuu peke yake. Mkinunua, angalieni kiwe cha asali. Vinavyouzwa kwa ajili ya juisi na matunda huishia namba ndogo na havisomi asali kabisa. Cha asali kwa kawaida kinaonyesha maji kuanzia asilimia 12 hadi 27. Hicho hakirekebishwi kwa maji safi kama vile vya juisi. Mkikosa kipande au mafuta maalumu yanayokuja nacho, tone la mafuta safi ya zeituni litawasaidia kuona kama kimepotoka, kwani husomeka karibu 71 hadi 72 kwenye mstari wa sukari.

Mpimieni mtu asali yake mbele ya macho yake. Mpeni kifaa achungulie mwenyewe. Kisha mlipeni papo hapo kwa bei iliyotangazwa kabla ya msimu na kubandikwa ukutani. Mimi hupendekeza kituo kijiwekee asilimia 19 kama mstari wa daraja la kwanza, kwa sababu asali hunyonya unyevu wa hewa kila kifuniko kinapoachwa wazi, na safari hadi Dar es Salaam ni ndefu. Inayofika kati ya 19 na 20 ipate bei ya pili, iuzwe nchini upesi. Inayozidi 20 isirudishwe kwa maneno makali. Inunuliwe kwa bei ya asali ya kutengenezea wanzuki, ile pombe ya asali, na mwenyewe aelezwe. Pale ambapo bei mbili zimetangazwa waziwazi na zinafuatwa bila upendeleo, nimeona asali ikibadilika ndani ya misimu michache. Pale ambapo bei ni moja kwa wote, hata mafunzo yakirudiwa kila mwaka, mrina asali mwangalifu anaona kwamba uangalifu wake unamnufaisha jirani mwenye haraka, na anaacha.

Vyombo nitavisema kwa ufupi. Dumu lililobeba dawa ya tumbaku au ya kuogeshea ng'ombe halisafishiki kwa sabuni wala kwa mchanga, na Tabora madumu hayo yako kila mahali. Kikundi kinunue ndoo za plastiki za chakula zenye mfuniko wa kubana, kizikopeshe kwa warina asali zikiwa na namba, na kisipokee asali kwenye chombo kingine. Stoo ya asali isiwe stoo ya mbolea. Masega yanayohifadhiwa yasiwekewe vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini, maana harufu yake huingia kwenye nta na kemikali yake huonekana maabara. Moshi utoke kwenye bomba lenye majani makavu au maranda ya mbao, na uwe wa kiasi. Mwenge wa nyasi unaua nyuki, unachoma msitu, na unaiachia asali ladha ambayo mnunuzi wa nje huitambua kwa kijiko kimoja.

Kuna hili la asali kuganda. Wateja wetu wa mijini wengi huamini asali iliyoganda imetiwa sukari, kwa hiyo wauzaji huichemsha kwenye sufuria ili ibaki nyororo. Kuganda ni tabia ya asali nyingi halisi, na mwagizaji wa Ulaya hashtuki akipokea pipa lililoganda. Mkiichemsha, HMF hupanda, vimeng'enya hufa, na hapo mmeharibu kwa moto kile nyuki walichokifanya vizuri. Ikibidi kuilainisha, weka ndoo ndani ya maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia, na uwe na subira.

Hadi hapa nimezungumzia yaliyo mikononi mwa kikundi. Yapo yaliyo juu ya kikundi, na ni haki kuyasema, kwa sababu vikundi hulaumiwa kwa mambo yasiyo yao. Asali ni zao la wanyama mbele ya sheria ya Ulaya. Nchi isiyokuwa kwenye orodha iliyoidhinishwa haiuzi hata chupa moja, hata kama asali yake ni bora kuliko zote. Ili kubaki kwenye orodha, serikali hutakiwa kupeleka kila mwaka mpango wa kufuatilia mabaki ya dawa na sumu katika asali, pamoja na matokeo ya vipimo vya mwaka uliotangulia. Tanzania imo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo maofisa wakija kijijini kuchukua sampuli za mpango huo, wapeni ushirikiano wote, na msiwachagulie ndoo nzuri. Sampuli hizo ndizo zinazofungua mlango kwa nchi nzima.

Watu wa Mwanza wanaelewa uzito wa jambo hili kuliko sisi wa nyuki. Mwishoni mwa mwaka 1997, kipindupindu kilipoenea Afrika Mashariki, Ulaya ilizuia samaki wabichi kutoka nchi zetu. Zuio lilipoondolewa mwaka 1998 hazikupita siku nyingi kabla ya jingine kuja mwaka 1999, kwa tuhuma za wavuvi kutumia sumu ziwani. Viwanda vya sangara na mialo, yaani vituo vya kupokelea samaki ufukweni, vilisimama, na waliovua kwa nyavu halali waliumia sawa na wengine. Biashara ilirudi baada ya nchi za ziwa kuimarisha mamlaka za ukaguzi wa samaki, kuboresha mialo na kupima maji na minofu mara kwa mara. Nawasihi wanaotoa fedha za kusaidia nchi zetu waikumbuke historia hiyo. Shirika la Biashara Duniani, FAO, WHO na wenzao wana mfuko maalumu wa viwango na biashara, STDF, na makubaliano ya afya ya mimea na wanyama ya mwaka 1995 yanazitaka nchi tajiri zifikirie kuzisaidia nchi maskini kitaalamu. Msaada huo ukija, tuuombee kazi zisizopigiwa picha: kemikali za kupimia za mwaka wa tatu na wa nne, fundi wa kurekebisha mashine, ithibati ya ISO 17025 inayofanya jibu la maabara yetu likubalike ng'ambo. Mashine ya bei kubwa isiyo na kemikali za kupimia haijampa mrina asali yeyote soko.

Uaminifu nao umepanda thamani. Mwaka 2023 Tume ya Ulaya ilitangaza kwamba kati ya sampuli 320 za asali iliyoagizwa kutoka nje, 147 zilishukiwa kuchanganywa na shira za sukari. Hiyo ni karibu nusu. Tangu hapo wanunuzi wanapima kwa ukali zaidi, na kipimo cha kaboni huitambua sukari ya miwa na ya mahindi hata ikiwa imechanganywa kwa ustadi. Kuanzia Juni 2026, lebo za asali zilizochanganywa zinazouzwa Ulaya zinatakiwa kuonyesha asilimia ya kila nchi ilikotoka. Kwa asali ya miombo, ambayo nyuki wake hawatibiwi kwa antibiotiki, hii ni nafasi kubwa. Ila mtu mmoja akitia sukari guru kwenye ndoo moja, pipa zima limekwisha. Ndiyo maana nasisitiza kila ndoo iwe na namba ya mrina asali, kijiji na tarehe, asali za vijiji tofauti zisichanganywe kabla ya kupimwa, na chupa ndogo ya kila fungu ihifadhiwe mahali pa baridi mpaka mnunuzi aseme ameridhika.

Vipi kuhusu cheti cha asali ya kilimo hai? Napenda wazo hilo, lakini msianze nalo. Sheria ya Ulaya inataka eneo la kilomita 3 kuzunguka mizinga liwe hasa na mimea ya porini au mashamba yasiyotiwa kemikali, na penye tumbaku hilo ni gumu. Kikundi chenyewe kinatakiwa kuwa kimesajiliwa kisheria na kisizidi wanachama 2,000, kikiwa na wakaguzi wake wa ndani. Fanyeni misimu miwili mitatu ya kumbukumbu safi kwanza. Mkaguzi wa cheti atazitaka hizohizo. Kwa alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, anzeni mapema, mkipitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kwa sababu wajasiriamali wadogo wanaotambulishwa na SIDO wamekuwa wakipunguziwa mzigo wa gharama.

Na nta msiitupe. Anayetumia mizinga ya magogo huponda masega yote, kwa hiyo nta yake ni nyingi kuliko ya mwenye mzinga wa fremu. Wapo wanunuzi wa vipodozi na mishumaa wanaoitafuta, na haichachi ikisubiri meli. Iyeyusheni kwa maji safi, chujeni, mimineni kwenye ndoo zisizoshika kutu, andikeni namba ya fungu juu ya kila tofali. Mnapomwandikia mnunuzi kwa mara ya kwanza, mtajieni kiasi cha nta pamoja na asali, unyevu wa kila fungu, mwezi wa kurina, na jina la msitu. Barua yenye mambo hayo manne hujibiwa.